Mama Courage ya Brecht: watazamaji wanamlilia tu, tunakosea wapi?

NusuPazia

Habari zenu wadau. Tuko kwenye mazoezi ya *Mutter Courage und ihre Kinder* ya Mjerumani Bertolt Brecht, kisa cha mama mchuuzi anayefuata majeshi na mkokoteni wake wa bidhaa wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, akiwapoteza wanawe mmoja mmoja. Tunatumia tafsiri ya Kiswahili ambayo kwa sasa tunaiita "Mama Jasiri na Wanawe". Kila tukiipitisha mbele ya watu wachache, onyesho la tatu na la mwisho wanalia, halafu wanatoka wakisema "maskini mama wa watu, vita vimemwonea". Tunajua Brecht hakutaka mtu atoke na hilo peke yake. Tulipowaambia waigizaji wapunguze hisia, igizo likapooza, watu wakaanza kutazama simu.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Ni wapi hasa ndani ya tamthilia pa kurekebisha? Mazoezi gani ya uigizaji yanafaa, hatua kwa hatua? Na nimepewa niandike nusu ukurasa juu ya mwandishi kwa ajili ya kipeperushi: yapi yasikosekane, na yapi watu huyakosea? Jukwaa letu ni la ukumbi wa kawaida, halizunguki, na taa ni chache.

Mzee_wa_Maleba

Mkuu, kosa hilo lilimpata Brecht mwenyewe. Tamthilia aliiandika vuli ya 1939 akiwa mkimbizi Sweden, Margarete Steffin akishirikiana naye. Ilionyeshwa mara ya kwanza 19 Aprili 1941, Schauspielhaus ya Zürich, Leopold Lindtberg akiongoza na Therese Giehse akiwa Courage. Brecht hakuwepo, alikuwa bado Finland. Magazeti yakaandika habari za Niobe, yule mama wa hekaya za Kigiriki aliyefiwa na wanawe wote, na uvumilivu wa mama usiovunjika. Brecht akarudi kwenye maandishi na kuyabadilisha kabla ya igizo la Berlin la 11 Januari 1949, pale Deutsches Theater, alipoongoza pamoja na Erich Engel, na mkewe Helene Weigel akawa Courage.

Mabadiliko yenyewe ndiyo jibu la swali lako la kwanza, kwa sababu yote yanaelekea upande mmoja: mama huyu anaonekana *akifanya biashara* katika dakika ileile anayopoteza kitu kingine.

Onyesho la kwanza, Dalarna, Sweden, 1624. Mwandikishaji askari anamtaka Eilif, mwana mkubwa. Sajini anamvuta Courage nyuma ya mkokoteni kwa kisingizio cha kununua bizimu ya mkanda. Huku nyuma mwandikishaji anamchukua kijana taratibu. Kattrin, binti bubu, anaona, anaruka chini na kutoa sauti. Mama anamjibu kwamba asubiri kidogo, bwana sajini bado analipa. Tazameni mahali penu hapa. Ikiwa Courage anauza bizimu huku macho yake yakimtafuta mwanawe kwa wasiwasi, mmeshaharibu igizo zima dakika ya kumi na tano. Weigel aliichukua sarafu akaiuma kuipima kama ni halali. Ni sekunde mbili tu, na katika sekunde hizo mwana ameondoka. Kila mtazamaji lazima avione vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo mkokoteni usikae katikati ukafunika upande wa Eilif. Uwekeni kwa mshazari.

Onyesho la tano, baada ya Magdeburg kutekwa mwaka 1631. Wakulima wamejeruhiwa, kasisi anataka vitambaa vya kufungia vidonda, na Courage ana mashati ya maofisa, bidhaa ya bei. Katika toleo la awali alikubali kuyatoa. Katika toleo la Berlin anakataa, Kattrin anamtishia kwa ubao, na kasisi anayachukua kwa nguvu. Kichwa cha onyesho hilo kinasema ushindi wa Magdeburg umemgharimu Mama Courage mashati manne ya maofisa. Manne, si "mashati mengi". Kama mwigizaji wenu anayatoa kwa huruma iliyofichika, mmerudi Zürich.

Halafu kuna mpaka wa onyesho la sita na la saba, ambao vikundi vingi huuziba kwa kubadilisha mandhari polepole. Mwisho wa la sita Kattrin amerudi na jeraha usoni, na Courage anavilaani vita. Mwanzo wa la saba anasema hakubali mtu amharibie sifa za vita. Mkokoteni una bidhaa mpya na yeye amevaa mkufu wa sarafu za fedha shingoni. Kati ya laana na sifa pasipite zaidi ya sekunde kumi. Mkichukua dakika mbili kupanga vifaa, mtazamaji anasahau laana, na ule mgongano ambao Brecht aliujenga kwa makusudi unapotea.

Msije mkamfanya mtu mbaya, hata hivyo. Onyesho la tisa mpishi anampa nafasi ya kwenda kuishi naye Utrecht kwenye kilabu chake, lakini bila Kattrin. Anakataa. Kisha anamwambia binti asidhani ni kwa ajili yake, ni kwa ajili ya mkokoteni. Hapo umama na biashara vimeshikana kiasi kwamba huwezi kuvitenganisha. Mwigizaji akiusema mstari ule kama uongo mtamu wa mama mwenye aibu, machozi yanaanza upya. Auseme kama neno la kweli, maana kwa kiasi fulani ni la kweli.

Binti_wa_Utambaji

Nichukue swali la pili. Chanzo cha kupooza kwenu nadhani ni neno lile ambalo Brecht alilitumia kuanzia 1936 hivi, *Verfremdung*, likitafsiriwa kama "kujitenga" au "kuondoa hisia". Maana yake ni kulifanya jambo lililozoeleka lionekane geni, hadi mtu ajiulize kwa nini liko hivyo. Brecht hakuwakataza waigizaji hisia. Alichokataa ni mwigizaji kuzama ndani ya mhusika hadi asiweze tena kumwonyesha. Mtu baridi kama mti haonyeshi chochote.

Katika maandishi yake ya 1940 kuhusu mbinu mpya ya uigizaji alitaja nyenzo tatu za mazoezi: kuhamisha maneno kwenye nafsi ya tatu, kuyahamisha kwenye wakati uliopita, na kusema kwa sauti maelekezo ya jukwaani. Kijerumani hulazimika kuhangaika kidogo kwa hilo. Sisi tuna *-ka-*, iliyoumbwa kwa kazi hiyohiyo. Fanyeni hivi kwa onyesho la kwanza:

Mzunguko wa kwanza, wote wamekaa kwa duara, kila mwigizaji anasimulia ya mhusika wake: "Sajini akamwita nyuma ya mkokoteni. Mama akaitoa bizimu. Akaipokea sarafu, akaiuma." Hakuna kuigiza. Mkikwama mahali mtu hajui mhusika wake alifanya nini, hapo ndipo patupu, paandikeni.

Mzunguko wa pili, simameni. Maelekezo yasemwe kwa -ka-, na maneno ya mhusika yasemwe kama yalivyo. "Akafunga mkoba, akasema:" ndipo linakuja neno lenyewe. Mwendo uanze *baada* ya kutajwa. Utaona jinsi tendo dogo linavyopata uzito.

Mzunguko wa tatu, ongezeni kile Brecht alichokiita "siyo – bali". Kabla ya kila uamuzi mwigizaji anataja alichoacha: "Hakugeuka kumtazama Eilif, bali aliihesabu chenji." Mara nne au tano kwa onyesho zima zinatosha, mkizidisha, mazoezi yanakuwa ya maneno.

Mzunguko wa nne, ondoeni maneno yote ya nyongeza, chezeni kama kawaida, kwa kasi. Kosa la kawaida ni kuuacha mzunguko wa pili uingie jukwaani siku ya igizo, watu wanasimuliasimulia jioni nzima. Hizi ni nyenzo za mazoezi. Kinachobaki siku ya igizo ni vile vituo vidogo vya mwili vilivyozaliwa humo.

Mtambaji wa hadithi kwetu hufanya haya tangu zamani. Anakuwa fisi kwa sauti na mabega, kisha anarudi kuwa mtambaji anayemhukumu fisi, na hadhira iliyoitikia "Pakawa!" haimchanganyi na fisi hata mara moja. Brecht alitafuta mfano wake kwenye ajali ya barabarani: shahidi anayewaonyesha wapita njia jinsi dereva alivyofanya, kwa kiasi kinachotosha waelewe nani alikosea. Mwambieni mwigizaji wa Courage amtambe Courage. Ataelewa upesi kuliko kwa maelezo ya nadharia.

Onyesho la tatu sasa, kwa sababu hapo ndipo mnapolia. Schweizerkas, mwana wa pili, mtunza fedha wa kikosi, amekamatwa kwa sanduku la mishahara. Yvette, kahaba wa kambini, anaweza kutoa gulden 200 kwa ajili ya mkokoteni. Courage anataka kuuweka rehani tu, akitegemea fedha za sanduku zilipe deni. Kisha anasikia mwanawe amelitupa sanduku mtoni. Hesabu imebadilika: akilipa 200 zote hana mtaji. Anatuma 120. Yvette anarudi: wamekataa, hata yeye alipopandisha hadi 150. Courage anasema basi wapewe 200. Umechelewa. Ngoma zinalia, na anasema anadhani amevutana bei muda mrefu mno.

Kwenye mazoezi wekeni vijiti 20 mezani, kila kimoja gulden 10. Mwigizaji avitenge kwa mkono: 12 huku, 8 huku. Vile vinane ndivyo anavyovipigania, na lazima mwili wake ujue ni vya nini: bidhaa, magurudumu, chakula cha mwezi. Akicheza hofu peke yake, watazamaji wanaona mama anayeteseka. Akicheza hesabu, wanaona hesabu ikiua, na bado watalia. Walie tu. Lakini watakuwa wamelia wakijua bei.

Kinara_wa_Chumba_cha_Taa

Naongeza kwa dada hapo juu jambo moja ambalo karibu kila kikundi hulikosea. Ule ukelele bila sauti wa Weigel, kichwa nyuma, mdomo wazi, watu huuweka wakati maiti inaletwa. Sivyo. Ulikuja aliposikia mlio wa risasi. Maiti ilipoletwa hakuweza kupiga ukelele, hata usio na sauti, kwa kuwa kumtambua mwanawe kungemhukumu na yeye. Alitikisa kichwa kukataa. Brecht mwenyewe alieleza kwamba huenda umbo lile lilitoka kwenye picha ya gazeti ya mama Mhindi aliyeinama juu ya mwanawe wakati Singapore ikipigwa mizinga, ingawa Weigel alipoulizwa hakukumbuka. Kama mwigizaji wenu hana sababu yake mwenyewe, asiunakili. Mdomo wazi bila sababu huonekana kama mtu anayepiga miayo, na safu ya tatu wataona hivyo.

Vifaa, kwa ukumbi wenu:

Pazia. Brecht alitumia pazia la nusu urefu, jepesi, la kupepea, linaloacha watu waone kazi ya kubadilisha jukwaa ikiendelea juu yake. Amerikani inatosha kabisa. Mita mbili kwenda juu, upana mara moja na nusu ya uwazi wa jukwaa ili likunjane vizuri. Waya wa chuma wa milimita 3 au 4, ukazwe kwa skrubu ya kukazia pande zote mbili. Ukikaza upande mmoja tu utalegea katikati siku ya pili na pazia litaburuta. Msitumie vitambaa vizito vya maharusi, haviendi kwa kasi.

Vichwa vya maonyesho. Hivi si mapambo. Vinatoa habari mapema, mfano kwamba Schweizerkas anakufa, ili mtazamaji aache kujiuliza "itakuwaje?" na kuanza kutazama "inakuwaje?" Kama mna projekta, ipige kwenye pazia. Kama hamna, kamba na mabango. Herufi zisipungue sentimita 15 kama ukumbi una mita 15 kwenda nyuma. Vikae hadi mtu wa nyuma amalize kuvisoma mara mbili, ndipo pazia lifunguke. Wengi huvipitisha haraka kwa kuona aibu kwamba "vinafichua hadithi". Vinatakiwa kuifichua.

Taa. Nyeupe, nyingi kadiri mlivyo nazo, bila karatasi za rangi. Taa zenu chache zielekezeni zote mbele na juu, ziacheni zionekane. Bluu ya usiku na nyekundu ya vita ndiyo mara nyingi inayoleta yale machozi ya bure, maana rangi inamwamulia mtazamaji ahisi nini kabla mwigizaji hajafanya kitu. Usiku uonyesheni kwa taa ya mafuta mkononi.

Nyimbo. Zisichipuke polepole kutoka kwenye mazungumzo. Berlin walishusha alama kutoka juu ya jukwaa, tarumbeta, ngoma, bendera na taa za duara zilizowaka, ili ijulikane sasa ni wimbo. Ninyi mnaweza kushusha ngoma moja kwa kamba. Mwigizaji asimame, ageukie watu, aimbe, kisha arudi alipokuwa. Angalieni zaidi onyesho la nne, Wimbo wa Kusalimu Amri Kukuu. Courage amekuja kulalamika kwa nahodha, anakutana na kijana askari mwenye hasira ya haki, anamwimbia hadi hasira inazimika, naye mwenyewe anaondoka bila kulalamika. Brecht alionya kwamba likichezwa bila kulifanya liwe geni, linakuwa somo la kunyamaza. Wimbo ukipendeza sana watu watapiga makofi kwa unyonge. Kijana yule asimame mahali pa kuonekana wakati wote wa wimbo. Macho ya watu yabaki kwake anavyopungua.

Msomaji_wa_Augsburg

Kipeperushi. Nusu ukurasa ni maneno 200 hivi, kwa hiyo msianze na orodha ya tamthilia zake. Anzeni na jambo linalogusa igizo lenyewe: siasa ya Brecht iliingilia sokoni. Mwaka 1926 alikuwa akitunga tamthilia kuhusu soko la ngano la Chicago, akatafuta mtu wa kumweleza bei ya ngano inavyopangwa, asipate maelezo ya kueleweka. Tamthilia ikabaki njiani, yeye akaanza kumsoma Marx. Mtu aliyeanzia pale ndiye aliyemwandika mama anayeuma sarafu.

Ya msingi: alizaliwa Augsburg 10 Februari 1898, baba yake akifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi hadi kuwa mkurugenzi wake wa biashara. Alianza kusomea udaktari Munich, na mwishoni mwa Vita vya Kwanza alitumika kwenye hospitali ya jeshi Augsburg. Tuzo ya fasihi ya Kleist 1922. *Die Dreigroschenoper*, na muziki wa Kurt Weill, Berlin 31 Agosti 1928. Hapa mtajeni Elisabeth Hauptmann, aliyeitafsiri opera ya Kiingereza ya 1728 iliyokuwa msingi wake. Aliondoka Ujerumani 28 Februari 1933, siku moja baada ya jengo la bunge kuungua. Mei mwaka huo vitabu vyake vilichomwa, na 1935 akavuliwa uraia. Denmark, Sweden, Finland, kisha kwa treni kuvuka Urusi hadi Vladivostok na kwa meli hadi California, Julai 1941. Margarete Steffin alifia Moscow njiani, kwa kifua kikuu. Jina lake liwe kwenye kipeperushi chenu, tafadhali. Bila yeye hamngekuwa na tamthilia hii mikononi kama ilivyo.

Makosa ya kuepuka sasa.

Msiandike "mwanachama wa chama cha kikomunisti". Alikuwa Mmarx waziwazi, lakini hakuwa na kadi ya chama. Alipohojiwa Washington 30 Oktoba 1947 na kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, alijibu kwamba hajawahi kuwa mwanachama, na kesho yake akapanda ndege kwenda Ulaya.

Msiandike alikuwa mtumishi mtiifu wa Ujerumani Mashariki, wala msiandike alikuwa mpinzani wake. Mambo ya 17 Juni 1953, wafanyakazi walipoandamana na vifaru vya Kisovieti vikawazima, hayaruhusu sentensi nyepesi. Siku hiyo alimwandikia barua Walter Ulbricht, mkuu wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki. Gazeti la chama, *Neues Deutschland*, likachapisha sentensi ya mwisho tu, ile ya kuunga mkono chama. Baadaye kidogo alitunga shairi fupi linalouliza kama isingekuwa rahisi zaidi serikali iwavunje wananchi na kuwachagua wengine. Lilichapishwa 1959, yeye akiwa kaburini. Kama nafasi ni ndogo, viandikeni vyote viwili kwa mistari miwili na msihukumu.

Berliner Ensemble ilianzishwa 1949, na mkuu wake alikuwa Helene Weigel, si Brecht. Igizo hili la Courage lilipopelekwa Paris 1954 ndipo Ulaya Magharibi ilipoanza kulijadili kwa uzito. Alifariki Berlin 14 Agosti 1956, akiwa na miaka 58.

Na moja la kwetu, kwa kuwa litaulizwa. Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia wa Tanzania, alifanya udaktari wake Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki, miaka ya 1970, na athari ya Brecht kwake imejadiliwa sana. Lakini *Kinjeketile* ilitoka 1969, kabla ya masomo hayo. Msiandike kwamba Berlin ndiyo iliyoizaa.

Kuhusu jina la tafsiri yenu, nawasihi mlifikirie upya. "Mama Jasiri" ni sifa, na mtazamaji ameshapewa shujaa kabla pazia halijafunguka. Jina Courage linaelezwa onyesho la kwanza: Anna Fierling, ndilo jina lake halisi, alipita katikati ya mizinga ya Riga kwa sababu alikuwa na mikate 50 mkokotenini na ilikuwa imeanza kuota ukungu. Ujasiri wake ulikuwa hesabu ya mikate. Liacheni "Mama Courage", na hadithi ya mikate iseme yenyewe.

NusuPazia

Asanteni sana, mmenifungua. Jina tunalibadilisha. Hilo la mikate tulikuwa tumelifupisha kuwa "mikate mingi", tunarudisha 50.

Maswali mawili yaliyobaki. Mwishoni Courage anapokuwa peke yake na mkokoteni, hatuna jukwaa la kuzunguka; tufanyeje? Na haki za kuonyesha zikoje?

Msomaji_wa_Augsburg

Haki kwanza. Ujerumani wanahesabu miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo maandishi ya Brecht yanalindwa huko hadi mwisho wa 2026, na shirika linalohusika ni Suhrkamp. Tanzania na Kenya kipimo ni miaka 50, ambayo kwa Brecht imekwisha tangu 2006. Watu hujikwaa kwenye mambo mawili. Mkitafsiri kutoka kwenye tafsiri ya Kiingereza, mtafsiri yule ana haki zake. Tafsirini kutoka Kijerumani au ombeni ruhusa. Na muziki ni wa Paul Dessau, aliyefariki 1979, bado uko chini ya ulinzi hata kwa hesabu ya miaka 50. Mnaweza kutunga wenu: Zürich 1941 walitumia muziki wa Paul Burkhard, kwa hiyo tamthilia haikufungwa kwa Dessau. Mkiuchukua wa Dessau, jueni una piano iliyotiwa misumari midogo ya chuma kwenye nyundo zake ili ilie kwa ukali; msiubadilishe kwa kinanda chenye sauti laini. Thibitisheni yote kwenye ofisi ya hakimiliki ya nchi yenu kabla ya kuuza tiketi, na msirushe video mtandaoni kabla hamjajua.

Kinara_wa_Chumba_cha_Taa

Mkokoteni. Berlin jukwaa lilizunguka kinyume na mwendo, kwa hiyo Courage alitembea na kutembea akabaki palepale. Msijaribu kuiga hilo kwa kukanyaga mahali pamoja, itaonekana mchezo wa watoto. Chorani duara sakafuni kwa chaki, kipenyo mita 6 ikiwezekana, na mkokoteni uufuate. Nyuma ya jukwaa uachwe wazi ili mzunguko wote uonekane. Onyesho la mwisho azunguke mara mbili kamili, jukwaa tupu, taa ileile nyeupe. Mara moja haitoshi, watu watadhani anatoka tu. Mara tatu wataanza kumhurumia mwigizaji.

Uzito uwe wa kweli. Fungeni madumu ya lita 20 ndani ya sanduku la mkokoteni: manne yenye maji onyesho la kwanza, vijana wawili wanakokota, mama na binti wamekaa juu. Manne tena onyesho la saba. Mawili la tisa. La mwisho liwe moja tu, anakokota mwenyewe. Mkokoteni mtupu kabisa unarukaruka na mwigizaji analazimika kuigiza uzito, na uzito wa kuigiza unaonekana mgongoni hadi safu ya mwisho. Magurudumu yapakwe grisi wiki ya kwanza, kisha yaacheni yalie.

Kabla ya kuanza kukokota kuna mazishi. Wakulima watamzika Kattrin, aliyepigwa risasi onyesho la kumi na moja, na Courage anawalipa. Weigel alitoa sarafu mkobani, akarudisha moja, akawapa zilizobaki. Hiyo sarafu moja ifanyiwe mazoezi peke yake, walau mara ishirini, kwa sarafu za chuma zinazolia, mkoba wa ngozi wenye kufungwa kwa mlio. Asiangalie watazamaji. Asisite kwa huzuni. Mtu anayeishi kwa chenji hurudisha sarafu moja bila kufikiri, na haraka yake ndiyo itakayowafanya wakae wima vitini.

Na kama sakafu yenu ina mteremko kuelekea mbele, mtu wa jukwaani awe na kabari mbili za mbao kila mara mkokoteni unaposimama, moja kwa kila gurudumu la nyuma. Onyesho la kumi na moja Kattrin yuko juu ya paa akipiga ngoma, wote wanatazama juu, na ndipo mkokoteni uliosahauliwa huanza kuteleza.